Kipimo cha Kidole Kimoja

Kazi yangu ni kufunga.
Miaka kumi na moja gatini Kilindini
nafunga makontena: chai, magadi, marumaru, matairi,
na nikishafunga sigeuki nyuma kutazama.

Wiki hii kuna mzigo wa kama kilo tatu
ambao haujatia nanga.
Daktari wa Makadara ameuandikia Alhamisi.

Nilianzia Kongowea.
Alfani alikuwa na viti vinne juu ya turubai,
kati ya mikoba na viatu visivyo na wenzao.
"Hiki cha Ulaya, ndugu. Elfu mbili unusu.
Kimelea wana wa watu, hakina hata doa."
Nikakigeuza tumbo juu, kama kuku wa kununua.
Tarehe ya mwisho wake imekwanguliwa kwa kisu.
Ubavuni, ufa mweupe,
mwembamba kama unywele wa ajuza.
"Kiliwahi kupata ajali?"
"Ndugu, mimi nauza viti. Siuzi historia."

Lakini kwetu gatini, mnyororo
ulioonja kishindo hata mara moja
haurudi kazini.
Waweza kung'aa, waweza kulia vizuri ukiugonga;
ndani kuna punje iliyokwisha kuachia,
na punje haikuambii ni lini.
Nikakiweka kiti chini taratibu,
kana kwamba ndani yake yumo mtu.

Mama mkwe, Bi Nimwaka, alicheka hata akakohoa.
"Saba nimezaa, saba nimepakata.
Kiti chao paja hili, mshipi wao mkono huu.
Leo kitoto cha juzi kifungwe kama mbuzi wa Idi?"
Sikumjibu. Paja lile nalijua,
mke wangu alilelewa juu yake.
Ila nimeona kontena likiteleza shubiri moja tu,
na wanaume sita, mikono kama nguzo,
wakaruka kando.
Hakuna aliyejaribu kulidaka.

Jumanne nikazitoa pesa za sofa,
nikaenda kwa Murtaza, Barabara ya Digo.
Hakunipamba kwa maneno.
Alichukua pakiti ya unga, kilo mbili,
akaizungushia taulo, akanipa: "Funga."
Mimi, mfungaji, nilishindwa mara tatu.
Mara mshipi umejipinda,
mara umelegea, unga unaniinamia mbele;
ungekuwa na shingo ungekosa pumzi.
"Kidole kimoja," akasema, "kati ya mshipi na mtulinga.
Vikipita viwili, hujafunga, umepamba.
Leso aje afunikwe nayo juu, baada ya kufungwa,
isiwe chini ya mshipi ikakudanganya.
Na atazame nyuma.
Shingo haijaiva; gari likisimama ghafla
mgongo wa kiti ndio utakaombeba."

Alhamisi akaja. Msichana.
Kilo mbili na gramu mia tisa, na hasira.

Jumapili tukatoka Makadara,
jina bado, Probox ya shemeji Mwinyikai
imeoshwa hadi ndani ya tundu za redio.
Mke wangu mbele, ameshikilia mshono.
Bi Nimwaka nyuma, kando ya kiti,
amenuna, mikono mitupu juu ya paja.
"Mwana amepewa kisogo," akanung'unika,
"ataonaje aendako?"
Nikasema, "Aone kwanza alikotoka, Mama.
Kwenda tutamwendea sisi."
Hakucheka.

Nimeendesha njia ile maisha yangu yote
na sikujua ina mashimo mengi hivyo.
Likoni, gari lilipokanyaga mlango wa feri
bati likapiga kelele, sote tukaruka:
mke wangu akaguna, chupa ya uji ikabingirika,
miwani ya Bi Nimwaka ikamwangukia puani.
Kiti kilibaki palepale.
Aliyemo akapiga miayo.

Ndipo nikageuka nyuma. Kwa kioo, lakini nikageuka.
Nikaona kidole cha hina iliyofifia
kikinyatia chini ya leso, chini ya mshipi,
kimoja.
Kikatoka. Kikaingia tena.
Akajaribu kuongeza cha pili, kikakataa.

"Umekaza sawa,"
akaliambia dirisha.